Viti Kumi na Viwili Kwenda Machimboni

Watu wa kwetu Wamunyu wakisikia nimesafiri, huuliza kwanza umbali. Nikiwaambia ni kilomita kumi na tano, tena ndani ya Nairobi, hucheka na kunimiminia chai nusu kikombe, kana kwamba safari fupi haistahili kikombe kizima. Basi hii nawaandikia tangu kuondoka mpaka kurudi, na mwenye kucheka asubiri afike mwisho.

Sababu ya kuondoka ilikuwa viti. Kanisa moja dogo la wachimba mawe, ng'ambo ya Embakasi, liliagiza viti kumi na viwili vya gogo vya kukalia wazee wake, na kanisa lenyewe lilikuwa lifunguliwe Jumapili. Viti vilichongwa na Nzioka, mwana wa shangazi yangu, katika kibanda chetu cha Makadara, hatua chache kutoka mahakamani. Nzioka huchonga, mimi husema. Yeye akimaliza kiti, kazi yangu ni kukisifu mpaka mnunuzi aone haya kukiacha.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, Makadara. Nilivihesabu viti vikiwa kibandani: kumi na viwili. Nikavihesabu tena vikiwa garini: kumi na viwili. Nzioka husema mtu anayehesabu mara mbili hamwamini hata Mungu. Humjibu kwamba Mungu hajawahi kuniletea magogo pungufu, wanaoniletea ni watu.

Viti vile vilikuwa vya jakaranda, mti unaokatwa kando ya barabara za mjini na kutufikia ukiwa mbichi. Jakaranda mbichi ikichongwa kabla ya kukauka hupasuka. Hilo si siri kwa mchongaji yeyote wa Eastlands, na dawa yake si siri vilevile: unga wa mbao uliochanganywa na gundi hushindiliwa ndani ya ufa, ukikauka unapigwa msasa, kisha kiti chote kinapakwa rangi ya viatu ya kahawia na kusuguliwa kwa kitambaa. Kwetu hakuna anayeuita uongo. Tunaita kumaliza kazi.

Kiti cha saba kilimalizwa sana. Ufa wake ulitoka juu mpaka chini na kidole changu kidogo kiliingia chote. Nzioka alitaka kukitupa, mimi nikamwambia akizibe. Nikakichora msalaba mdogo kwa kisu chini ya ukingo, nisije nikakisahau.

"Hiki kimeshiba gundi kuliko mti," Nzioka alisema akikipandisha garini. "Ukifika mkalishe mtu mwembamba."

"Wazee wa machimboni wana mwembamba?"

"Basi kiwe cha mwisho kushuka."

Tukakiweka ndani kabisa, nyuma ya vingine vyote, kikiwa kinang'aa kuliko vyote kwa sababu ndicho kilichopakwa zaidi.

Gari lilikuwa landrova ya Wafula, fundi wa magari kutoka upande wa Bungoma, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Haikuwa na milango. Mbele ilikuwa na viti viwili na nafasi ya mtu wa tatu, kama mtu huyo hana mapaja. Mtu wa tatu alikuwa Mzee Shem, mzee wa kanisa lile, Mmaragoli aliyechimba mawe muda mrefu hata viganja vyake vikafanana na kazi yake. Alikuwa amekuja jana yake kwa miguu ili atuonyeshe njia. Kwa hiyo nilisafiri nikiwa katikati, mnunuzi begani kushoto na dereva begani kulia, na siri yangu nyuma ya kisogo.

Saa tatu kasorobo, Barabara ya Jogoo. Hapa hapakuwa na la kutisha isipokuwa vijana wa kituo cha basi waliotuona tukipita na mzigo wetu.

"Niaje, wazee? Mnahamisha baa?"

"Ni kanisa," Mzee Shem aliwajibu kwa upole.

"Basi mtuombee, tumekunywa kwa niaba yenu."

Mzee Shem alicheka mpaka bega lake likanisukuma kwa Wafula. Wafula hakucheka. Alikuwa akisikiliza gari. Watu wengine husikiliza redio wakiendesha. Yeye husikiliza magurudumu.

Saa tatu na robo, Donholm. Kwenye nyumba mpya, kabla hatujaingia barabara ya Outer Ring, Wafula alisimamisha gari bila kuambiwa na mtu, akashuka, akalizunguka, akashika kila gurudumu kwa mikono miwili na kulitikisa. Alipomaliza la nne akarudia la kwanza.

"Fundi," nikamwambia, "wewe huamini kitu?"

"Naamini nikishatikisa."

Mimi huhesabu mara mbili, yeye hutikisa mara mbili. Nikafikiri ni kitu kimoja. Nilikuwa sijajua tofauti.

Saa nne, Tassia. Baada ya kuiacha lami ya Outer Ring tuliingia uwanda usio na nyumba, nyasi tupu na ng'ombe wa mtu fulani, na chini ule udongo mweusi ambao ukiwa mkavu hupasuka na ukiwa umelowa hunata. Wakati huo ulikuwa katikati: juu ganda, chini uji. Upande wa Lukenya mawingu yalikuwa yameshasimama, meusi, yakitungojea.

Mzee Shem alikuwa akionyesha njia kwa kidole. "Kushoto kidogo. Sasa shika ule mti. Sasa angalia, kuna..."

Gurudumu la nyuma la kushoto likaingia kwenye mtaro uliofunikwa na nyasi. Tulisikia mlio mmoja, mkavu, kama mfupa wa kuku mkononi mwa mtu mwenye njaa. Gari likatoka mtaroni lakini halikunyooka tena. Lilibaki limelalia kushoto.

"...mtaro," Mzee Shem akamaliza.

Wafula alishuka, akalala kifudifudi, akachungulia. Alipoinuka alikuwa anapangusa mikono, na fundi akipangusa mikono kabla ya kusema, habari si njema.

"Springi ya nyuma. Bamba kuu limekatika."

"Hatuwezi kwenda hivi hivi polepole?" nikauliza.

"Tunaweza, dakika tano. Halafu ekseli itarudi nyuma, gari litalala, na viti vyako vitafika machimboni kwa miguu."

Dawa yake alikuwa nayo: kipande cha mti mgumu cha kuitegemeza springi, waya, na mikanda ya mpira aliyokuwa ameikata kutoka tyubu kuukuu. Alihitaji kufunga kwa nusu saa. Lakini kufunga huko hakufanyiki ukiwa umechuchumaa pembeni. Lazima chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, iinuliwe, springi ining'inie bila mzigo, na fundi alale chini kichwa chake kikiwa kati ya chesisi na ekseli inayoshika magurudumu. Nilipatazama pahali hapo. Chesisi ikishuka, pangebaki nafasi ya kupitisha kiganja.

Wafula alikataa kuinulia pale karibu na mtaro. Alilisogeza gari polepole hatua kumi na tano mpaka mahali palipo sawa. Akaweka gia, akavuta breki ya mkono, akanituma nitafute mawe ya kuzuia magurudumu ya mbele, mbele na nyuma ya kila moja. Kisha akang'oa ubao wa nyuma wa gari na kuulaza chini ili jeki ikae juu yake.

"Ubao wa nini?" Mzee Shem aliuliza.

"Ukiweka jeki juu ya udongo huu mtupu, mzee wangu, unapampu mpaka mkono unauma, na gari liko palepale. Kinachoenda ni jeki, inaelekea kuzimu."

"Basi ikishainua unaingia?"

"Siingii. Jeki ni ya kuinua, si ya kulala chini yake. Hii ya mafuta inavuja kidogo kidogo. Ikishainua, naweka vitu vigumu chini ya chesisi, nalishusha gari livikalie, nalitikisa. Likikataa kwenda popote ndipo naingia."

Mzee Shem akaonyesha upande wa machimbo. "Kama ni vitu vigumu, nisubirini nikalete. Yako mawe ya kuchongwa huko, yamelala tu."

"Hapana. Jiwe ni la nyumba. Jiwe likichoka halisemi, linapasuka papo hapo. Mti hulia kwanza. Mti ukilia, mimi natoka."

Mzee Shem aliitazama mikono yake. "Hapo umesema," akasema. "Jiwe halikuagi."

Ndipo Wafula akanigeukia. "Bwana Mutua, nipe viti vinne. Na tairi la akiba, nililaze chini ya chesisi, kama viti vikikataa kuwe na kingine."

Sasa, tairi la akiba lilikuwa limefungwa sakafuni chini ya viti vyote. Kulitoa kulimaanisha kushusha viti vyote kumi na viwili, matopeni, mbele ya mnunuzi, na kila kiti kinachoshushwa huonyesha makalio yake. Nilikuwa na sababu mbili za kukataa na nikaitoa ile moja yenye adabu.

"Vinne vya nini, fundi? Gari lina magurudumu manne tayari. Tutachafua viti vya kanisa. Chukua kimoja."

"Vinne."

"Kimoja, kile kinene."

"Vitatu na tairi."

"Tairi liko chini ya mzigo wote, na mvua hiyo hapo. Mpaka tumalize kushusha tutakuwa tunaogelea."

"Bwana Mutua, hii ni roho yangu. Unapunguza kama nyanya."

"Viwili, bila tairi, na mimi nakushikia turubai usilowe."

Aliyatazama mawingu. Naijua sura ile. Nimeiona kwa wanunuzi wengi, mtu anapoanza kuchoka kuliko anavyotaka. "Viwili," akasema. "Lakini vile vigumu."

Nikaenda kuokota mawe nikiwa na raha. Kutoka vinne na tairi mpaka viwili bila tairi: sokoni ningejisifu kwa wiki nzima.

Mawe yalikuwa machache. Niliporudi na la nne, viti viwili vilikuwa vimeshashushwa na kusimamishwa kando ya gari. Sikuviangalia. Nikapiga magoti mbele nikishindilia mawe, huku nyuma Wafula akipampu na Mzee Shem akivisukuma viti ndani, kimoja mbele ya springi na kingine nyuma yake. Gari likashushwa likavikalia. Wafula akalitikisa. Akalitikisa tena. Halikuenda popote. Jeki akaiacha palepale ikiwa imelegea, akajilaza chali, akaingia.

Saa nne na dakika arobaini. Nilipanda nyuma kuchukua turubai, na kwa mazoea nikavihesabu viti vilivyobaki. Kumi. Nikahesabu tena. Kumi. Hesabu ilikuwa sawa. Lakini kule ndani kabisa, pahali pa kiti cha saba, palikuwa na nafasi tupu.

"Mzee," nikasema taratibu, "viti ulivichukua wapi?"

"Nilichagua vizuri," Mzee Shem alisema kwa fahari. "Fundi alitaka vigumu. Vya mbele vilikuwa vimepauka. Nikaingia mpaka ndani nikatoa viwili vinavyong'aa."

Nilishuka nikainama. Kiti cha nyuma, kile kilichokuwa karibu na sikio la Wafula, kilikuwa na msalaba mdogo chini ya ukingo.

Nitawaambia nilichofanya, na sitakipamba. Sikusema. Mnunuzi alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwangu, na mdomo wangu haujazoea kusema neno ufa mbele ya mnunuzi. Badala yake nilifanya kile ninachokijua. Nilianza kubembeleza.

"Fundi, toka kwanza upate chai. Nina chupa."

"Chai baadaye."

"Mvua inaanza."

"Ndiyo sababu sitoki. Nimeshika waya."

"Basi nikuongezee kiti cha tatu."

Nyundo ikaendelea kugonga. Tone la kwanza likaanguka mgongoni mwangu, zito, la baridi.

"Cha tatu na cha nne," nikasema. "Na tairi nakutolea."

Nyundo ikanyamaza.

"Mutua," sauti ilitoka chini, bila neno bwana safari hii. "Mtu anayepandisha baada ya kukubaliana ameona kitu. Umeona nini?"

"Hakuna."

Neno hilo nililitoa haraka kuliko yote ya siku ile. Mzee Shem alinigeukia, akanitazama, kisha akakitazama kiti.

Mvua ikaja. Nililitanda turubai juu yetu lakini maji yaliteleza ubavuni mwa gari na kukitiririkia kile kiti. Rangi ya viatu ikaanza kutoka. Ilishuka kahawia juu ya udongo mweusi, na pale ilipotoka ukabaki mstari, mweupe kama uji mkavu, kutoka juu mpaka chini. Nilitega sikio. Wafula alisema mti hulia kwanza, basi nikangoja ulie, nikajiambia ukilia atatoka mwenyewe na mimi sitakuwa nimesema lolote. Nikangoja. Mstari ulikuwa mwembamba kama uzi. Nikautazama tena, ulikuwa kama kamba ya kiatu. Na hakuna sauti. Kulikuwa na nini cha kulia pale? Mdomo wa mti ule tulikuwa tumeujaza gundi mimi na Nzioka.

"Fundi," nikasema. "Kiti cha nyuma kina ufa. Juu mpaka chini. Naujua kwa sababu ni mimi niliyesema uzibwe."

Nilihesabu moja mpaka tano. Sikupata nafasi ya kurudia.

"Kilicho karibu na kichwa changu?"

"Hicho."

"Msiliguse gari. Mzee asiegemee." Sauti yake ilikuwa tambarare kama ya mtu anayesoma barua. "Mkono wangu umepita juu ya springi. Siwezi kuuchomoa haraka. Mutua, shika jeki. Pampu mpaka iguse chesisi. Usiinue. Iguse tu."

Nilipampu. Mkono wa jeki ulikuwa umelowa na viganja vyangu vilikuwa vimelowa zaidi.

"Imegusa."

"Sasa pampu mara moja. Ngoja. Ubao umeteleza?"

"Haujateleza."

"Mara moja tena."

Nikapampu, na kiti cha saba kikafunguka. Hakikupasuka kwa kishindo. Kilifunguka kama kitabu, nusu huku na nusu kule, na gari likashuka unene wa kidole kimoja likaikalia jeki, jeki ikaguna, ubao ukazama. Kiti cha mbele kilibaki kimesimama peke yake, kikianza kuzama matopeni. Nikaona mkono wa Wafula ukijichomoa, kiwiko, kiganja, vidole, na kabla kidole cha mwisho hakijatoka Mzee Shem alikuwa ameshamshika vifundo vya miguu. Alimvuta mara moja, kama anavyolitoa jiwe shimoni, na Wafula akateleza juu ya matope mpaka nyasini, akabaki amelala chali, mvua ikimpiga usoni, waya ungali mkononi.

Jeki ilikuwa ikishuka, polepole, mbele ya macho yetu. Niliiangalia chesisi ikiinamia ekseli mpaka pakabaki nafasi ya kiganja.

Wafula alikaa kitako. Alikuwa na mkwaruzo mmoja kwenye paji la uso. Aliichukua nusu ya kiti, akapitisha kidole kwenye gundi, akaninusisha.

"Rangi ya viatu," akasema. "Na mimi nilidhani ni harufu ya miguu yako."

Ndipo nilipojua nitasamehewa, ingawa si siku ile.

Saa tano na nusu, palepale Tassia. Mvua ilipungua. Tulishusha viti vyote, na safari hii mimi ndiye niliyevishusha, nikikigeuza kila kimoja juu chini mbele ya Mzee Shem na kusema kwa mdomo wangu: hiki kizima, hiki kizima, hiki kina ufa wa kucha hapa, nimeuziba, hiki kizima. Viwili vilikuwa na ufa mdogo. Nilivihesabu mara mbili nikitumaini vitapungua. Wafula alilisogeza gari hatua nyingine kwenye udongo mgumu zaidi, akaanza upya kana kwamba hatujafanya lolote: gia, breki, mawe, ubao, jeki. Viti vinne vizima chini ya chesisi, viwili kila upande. Tairi la akiba likalazwa katikati. Akatikisa mara mbili.

Kisha hakuingia. Alisimama akinitazama.

"Unangoja nini?" nikauliza.

"Nakungoja wewe. Lala upande ule. Kichwa ndani, kama changu."

"Mimi si fundi."

"Najua. Utanishikia waya."

Waya haukuhitaji watu wawili, hata mimi niliweza kuliona hilo. Nilifungua mdomo kuomba apunguze, walau mkono tu uingie, kichwa kibaki nje. Nikaufunga. Nikalala matopeni, nikaingiza kichwa chini ya chuma kile, na kwa nusu saa nzima nilikitazama kiti kilichokuwa karibu na sikio langu. Nawaambia ndugu zangu, sijawahi kuijua kazi ya Nzioka vizuri kama siku ile. Kila mshipa wa mti ule niliusoma.

Saa nane, machimboni. Tuliingia tukitambaa, springi imefungwa kama mguu wa mgonjwa. Kanisa lilikuwa la mawe waliyoyachonga wenyewe, mabati juu, bado halina milango. Mke wa Mzee Shem alitoka akiwa na unga mikononi.

"Mulembe," akatuamkia. "Mbona mmepakwa matope mpaka kwenye nywele? Mmekuja na gari au mmelivuta?"

"Mwambie mwenyewe," Mzee Shem aliniambia.

Nikamwambia, wazee wengine nao wakakusanyika, na kwa mara ya kwanza maishani nikauza bidhaa nikianzia kwenye kasoro. Nilipofika pale kiti kilipofunguka mama yule alimtazama mumewe, kisha Wafula, kisha akaingia jikoni. Alirudi na ugali na mrenda, ile mboga ya kuteleza. Wafula akatengewa nyama ya kuku. Mimi nikatengewa mrenda, na sikuuliza.

Wazee waliketi kwenye viti kuvijaribu. Kila mmoja alikigeuza chake kwanza akachungulia chini. Viti vilikuwa kumi na kimoja na wazee walikuwa kumi na wawili, na aliyebaki amesimama alikuwa Mzee Shem.

"Nitakuletea cha kumi na mbili," nikasema. "Cha mti uliokauka."

"Ukauke kweli. Sina haraka." Alilisogeza jiwe moja kwa mguu, akalikalia. "Hili halikuagi, lakini halijapakwa kitu."

Saa kumi na moja jioni, Makadara. Tulirudi gari likiwa jepesi, isipokuwa nusu mbili za kiti cha saba na vipande vinne vya boriti tulivyopewa na Mzee Shem. Jua lilikuwa bado liko. Nzioka alikuwa mlangoni mwa kibanda.

"Vyote vimekubaliwa?"

"Kumi na kimoja."

"Na cha saba?"

Wafula aliziweka zile nusu mbili miguuni pake. "Hiki karibu kinikalie," akasema.

Nzioka aliinama akaugusa ufa kwa kidole.

Kabla ya kwenda kwake Wafula alitaka kuangalia kama kifungo cha springi kimeshika. Akaweka gia, akavuta breki. Zile nusu za kiti akazisukuma chini ya gurudumu la mbele, moja mbele na moja nyuma, zikazuia vizuri kuliko mawe. Mpaka leo anazo garini. Akainua kwa jeki.

"Nipe boriti mbili," akasema. "Ni kuchungulia tu."

"Nne," nikasema.

"Mbili zinatosha, Bwana Mutua."

"Nne, na tairi."

"Basi tatu."

"Nne na tairi, au gari lishuke."

Nzioka alinigusa paji la uso kwa nyuma ya mkono kuona kama nina homa. Tangu tuanze kazi pamoja hajawahi kunisikia nikipandisha.

Nilichojifunza ni kidogo, ndiyo maana nakiweka mwisho. Kupunguza ni rahisi sana pale ambapo atakayelala chini ni mtu mwingine. Siku hizi kabla sijafungua mdomo kupunguza huangalia kwanza nani ataingia chini, na kibandani kwetu nyufa zinabaki wazi, mnunuzi azione kabla hajaniona mimi. Tunauza polepole zaidi. Kiti cha Mzee Shem bado kinakauka, nimekigeuza asubuhi hii, mara mbili.